Lita 60 za bahari sebuleni: tangi langu la matumbawe lilivyofika mwaka wa pili

"Bahari si ina chumvi? Basi maji yakipungua, ongeza ya chumvi."

Niliambiwa hivyo mwanzoni, na aliyeniambia amefuga samaki wa maji baridi miaka mingi, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumbishia. Ushauri huo uliniulia kamba mmoja na konokono wanne, na nusura unimalizie matumbawe yote. Leo tangi langu liko mwaka wa pili, matumbawe yanakua, samaki wawili wamenenepa, na ninaandika nilivyofika hapa kwa sababu bado nasikia watu wakipewa maneno yaleyale.

Tangi ni la kioo, lita 60. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 50 hivi. Nilichagua dogo kwa sababu ya nafasi na mfuko, na kila niliyemuuliza alinihakikishia kwamba dogo ndilo rahisi kwa anayeanza. Si kweli hata kidogo. Kwenye lita 500, samaki akifia nyuma ya jiwe, maji yanaweza kuuhimili uozo wake mpaka utakapomwona. Kwenye lita 50 una saa chache tu. Joto linapanda upesi na kushuka upesi, chumvi vilevile. Dogo linawezekana, nami nimeliweza, ila linataka jicho la mtu kila siku iendayo kwa Mungu.

Vifaa si vingi: pampu ya kusukuma maji, hita, kichujio, kipimajoto, taa, na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Taa ndiyo iliyomeza pesa, karibu sawa na vingine vyote ukivijumlisha, na sijuti. Matumbawe mengi yanayofugwa yana mwani mdogo sana ndani ya nyama yao, na mwani huo ndio unaoyapikia chakula kwa kutumia mwanga. Ukiweka taa dhaifu, umeyanyima chakula. Ukiyawashia kali ghafla, yanapauka. Mimi nilianza na nusu ya nguvu ya taa, nikapandisha kidogo kidogo kwa muda wa mwezi mzima.

Mawe nilinunua yale yanayoitwa mawe hai: vipande vya mifupa ya matumbawe ya zamani, vyepesi, vyenye vitundu kila upande, na ndani ya vitundu hivyo wamejaa bakteria. Hao ndio wasafishaji wa kweli wa tangi. Mfugaji mmoja wa Indonesia, Lee Chin Eng, alikwisha kuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba mawe ya namna hiyo na viputo vya hewa vinatosha kuyaweka matumbawe hai ndani ya kioo. Habari hiyo ilinipa moyo sana, maana nilikuwa nimeshaandikiwa orodha ya mitambo mirefu kuliko mimi.

Kisha nikasubiri. Uchafu wa samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara makubwa. Makundi hayo huchukua muda kuzaliana. Kwangu zilipita wiki 5 kabla amonia na nitriti hazijasoma sifuri, na muda wote huo tangi lilikuwa na mawe, mchanga na maji tu. Wageni waliniuliza samaki wako wapi. Wiki ya 3 mchanga wote uligeuka kahawia kama umemwagiwa chai, na mtu akataka kuniuzia dawa ya kuondoa hali hiyo. Sikununua. Ni vijimea vidogo vinavyokula silika, yaani madini ya aina ya mchanga, iliyo katika maji mapya. Silika ikiisha navyo vinaisha. Viliondoka vyenyewe.

Sasa nirudi kwenye ule ushauri wa chumvi, maana hapo ndipo nilipolipa ada ya shule.

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na mimi nilianza na 35 kamili. Kila siku tangi lilikuwa linapoteza kama nusu lita, hasa kwa sababu nilikuwa nimeweka feni ndogo juu yake ili joto lisipite nyuzi 26. Kila jioni nikajaza nusu lita ya maji ya chumvi niliyoyachanganya kwa uangalifu mkubwa. Nilikuwa napima kwenye mizani. Nilikuwa najisifu kwa usahihi wangu.

Lakini maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiendi nayo. Inabaki tangini. Nusu lita iliyopotea ilikuwa maji matupu, na nusu lita niliyorudisha ilikuwa imebeba zaidi ya gramu 17 za chumvi mpya. Zidisha kwa siku 21. Na mimi kila wiki nilikuwa napima! Nilitumia haidromita, kipima chumvi cha plastiki chenye mkono unaoelea, na ilikuwa inanionyesha 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu), palepale panapotakiwa. Kumbe sikuwa naisuuza vizuri baada ya kuitumia, chumvi ikaganda kwenye ule mkono, mkono ukawa mzito, ukawa haupandi inavyopasa. Chumvi tangini inapanda, kipimo kinasema shwari.

Binti yangu ndiye aliyeona kwanza. "Baba, konokono amelala chali tangu asubuhi." Nikamgeuza. Baada ya saa moja alikuwa chali tena. Kesho yake walikuwa watatu. Kamba msafishaji, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye alikuwa akija kunitembelea vidoleni kila nilipoingiza mkono, alijificha chini ya jiwe akawa hatoki hata kwa chakula. Nilipima amonia: sifuri. Nitriti: sifuri. Nikakaa sakafuni mbele ya kile kioo bila kujua nifanye nini. Kamba alikufa usiku ule. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu, zile ndevu zake ndefu nyeupe zikipeperushwa na maji ya pampu kana kwamba bado yu hai.

Siku hiyohiyo nikaazima rifraktomita, ile bomba fupi unayodondoshea tone la maji ukachungulia kwenye mwanga. Nikachungulia. 42. Nikafuta, nikadondosha tone jingine. 42 tena. Moyo uliniuma, lakini pia nilipata nafuu, kwa sababu hatimaye adui alikuwa na jina.

Nilichofanya baada ya hapo najivunia mpaka leo, kwa sababu kila mtu aliniambia nibadilishe maji nusu tangi mara moja. Nilikataa. Viumbe waliozoea 42 ukiwashusha hadi 35 kwa saa moja unawaua kwa mara ya pili. Nilikuwa natoa lita moja na kidogo ya maji ya tangi kila siku na kurudisha kiasi hichohicho cha maji matupu yaliyochujwa, taratibu, kwa kijiko kikubwa. Hiyo inashusha kama 1 kwa siku. Siku ya 7 nilikuwa kwenye 35. Tumbawe la nyundo (ncha za minyiri yake zina umbo la nyundo), ambalo lilikuwa limejivuta lote ndani ya mfupa wake likabaki kama kokwa kavu, lilitoa ncha tatu za kijani siku ya 5. Nilimwita kila mtu nyumbani aje aone.

Na rifraktomita yako usiiseti kwa maji matupu peke yake. Inaweza kusoma sifuri sawasawa na bado ikakudanganya kwenye 35. Kuna maji maalumu ya kupimia yaliyotengenezwa kuwa 35 kamili, tumia hayo.

Kilichobaki kilikuwa kujaza maji matupu kila siku bila kusahau, na bila kununua mtambo wa kujaza wenyewe, maana ulikuwa ghali kwangu. Hapa nilijitengenezea kitu ninachokipenda kuliko vyote. Nilichukua chupa ya plastiki ya lita 1.5, nikaijaza maji yaliyochujwa, nikaigeuza kichwa chini na kuifunga kwenye kona ya tangi, mdomo wake ukigusa tu usawa wa maji. Ni kanuni ileile ya chombo cha kunyweshea vifaranga. Maji ya tangi yakishuka chini ya mdomo, hewa inaingia chupani, blup, maji yanatoka. Yakipanda na kuziba mdomo, yanaacha. Siku mbili za kwanza ilinisumbua kwa sababu mawimbi ya pampu yalikuwa yanaufungua mdomo kila dakika na chupa ikaisha mapema. Nikasimamisha kipande cha plastiki mbele yake kukinga mawimbi, ikatulia. Uzuri wake mkubwa ni ukubwa wake: hata ikitokea ikamwaga yote kwa mkupuo, lita 1.5 ndani ya lita 50 itashusha chumvi kama 1 tu. Hakuna atakayekufa. Sasa naijaza kila baada ya siku 3.

Kununua viumbe sina mengi ya kusema. Nilianza na uyoga wa bahari na zoantidi, jamaa wa matumbawe wasio na mfupa mgumu, vyote vigumu kufa, kisha tumbawe la nyundo. Nunua vipande vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe ya kufugwa. Samaki ni klauni wawili wadogo waliozaliwa kwenye matangi. Klauni wote huzaliwa dume, halafu yule mkubwa wa wawili hugeuka jike, kwa hiyo huna haja ya kuuliza jinsia. Muuzaji alinisukumia pia yule wa bluu mwenye mkia wa njano, eti bado mtoto. Mtoto huyo hukua hadi sentimita 30. Nilikataa, na nilikataa pia dawa ya ugonjwa wa madoa meupe wa samaki aliyonipa "kwa tahadhari", kwa sababu kibandiko kilisema ina shaba. Shaba inawaua kamba, konokono na matumbawe, na inanata kwenye mawe. Soma vibandiko.

Adui wa pili alikuja amepanda jiwe: aiptasia, anemoni ndogo ya kahawia, kama mnazi wa sentimita moja. Nikaikata kwa wembe. Wiki mbili baadaye zilikuwa 9, kwa sababu kila kipande kinachobaki kinaota kuwa mzima. Nikaomba msaada, na jamaa mmoja akanijibu kwa kujiamini kabisa: toa mawe uyachemshe. Tafadhali, usichemshe mawe ya tangi la matumbawe, usiyachemshe kamwe! Baadhi ya zoantidi hubeba palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana, na mvuke wake umewahi kuwapeleka hospitali watu wa nyumba nzima. Mimi nashika zoantidi zangu kwa glovu, na nikizikata navaa miwani.

Dawa yake ilikuwa chokaa, kalsiamu hidroksidi safi, niliyoikoroga na maji kidogo mpaka ikawa uji mzito. Nikazima pampu zote. Nikaivuta kwenye sindano ya plastiki, nikasogea polepole kabisa, maana aiptasia ikihisi mtikisiko inajifyatua ndani ya tundu, na nikaiwekea tone moja katikati ya mdomo. Ikafunga mdomo ikidhani ni chakula. Nikaongeza tone la kuziba tundu. Nilizifanyia 3 kwa siku, si zaidi, ili chokaa isipandishe pH (kipimo cha asidi na alkali) ya maji machache kiasi hicho. Baada ya siku 3 nilizimaliza, na nikaendelea kuchungulia kwa tochi mwezi mzima.

Siku hizi nabadilisha lita 5 kila wiki, na kwa matumbawe machache niliyonayo hiyo inatosha kurudisha kalsiamu kwenye miligramu 420 kwa lita na ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) kati ya digrii 8 na 9. Kamba mwingine nilimleta baada ya miezi 4. Yuko mpaka leo, na keshavua ganda mara nyingi. Mara ya kwanza nililiona lile ganda tupu nikadhani nimempoteza naye, kumbe alikuwa amesimama nyuma yake, laini, akisubiri jipya ligande.

Tumbawe la nyundo lilikuwa na kichwa kimoja. Juzi usiku, taa zimezima na minyiri imenywea, nilimulika kwa tochi nikaona midomo miwili midogo mahali palipokuwa na mmoja, na katikati yake ukuta mwembamba mweupe wa mfupa umeanza kusimama. Klauni jike alikuwa amelala ubavuni mwake, akipepea pezi moja.