Orodha iliyopitia Ifakara

Wanafunzi wa uuguzi wakija kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa nawauliza: ule utafiti mkubwa wa orodha ya usalama wa upasuaji ulifanyika wapi? Wengi hujibu Marekani. Seattle ilikuwemo, kweli, lakini na Ifakara ilikuwemo, hapa hapa mkoani Morogoro, pamoja na Toronto, London, Auckland, Amman, New Delhi na Manila. Nawaona wanavyokaa sawa kwenye viti.

Hospitali hizo nane zilifuatilia wagonjwa 3,733 kabla ya kuanza kutumia orodha ya Shirika la Afya Duniani, kisha 3,955 baada ya kuanza. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalitoka Januari 2009. Walilinganisha kabla na baada tu, kwa hiyo huenda na mambo mengine yalichangia. Hata hivyo mimi naiamini orodha ile, kwa sababu najua inafanya nini mezani.

Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Mara nyingi anayeisoma ni muuguzi. Mgonjwa ataje jina lake na anachokuja kufanyiwa. Antibayotiki imeingia ndani ya saa moja iliyopita? Kila mtu ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Hicho cha mwisho watu hukiona cha kupoteza muda. Kwangu ndicho kikubwa, maana muuguzi mgeni aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa hapati shida kufungua mdomo mara ya pili.

Na kuna saa atahitaji kuufungua. Gozi, vile vitambaa vya kunyonya damu, tunazihesabu kwa sauti, watu wawili pamoja, na idadi inaandikwa ubaoni. Siku moja tulikuwa tunafunga tumbo la mama mmoja, hesabu ikapungua moja. Tukarudia, ikapungua ile ile. Daktari alishashika uzi. Mwenzangu, kijana mwenye miezi michache kazini, akasema, "Dokta, samahani, usifunge. Gozi moja haionekani." Daktari akaweka uzi chini, akaingiza mkono taratibu, akapapasa pembeni ya utumbo, akaitoa imelowa damu, haitofautiani na nyama. Hakuna aliyesema neno. Tukahesabu upya, ikatimia, akafunga.

Kilichomwokoa mama yule ni kuhesabu na kusema, si karatasi. Ndiyo maana sikushangaa niliposoma utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2014. Hospitali 101 zilitakiwa kutumia orodha hiyo, na vifo havikushuka kwa kiwango cha maana: asilimia 0.71 kabla, 0.65 baada. Wapo walioutumia kudai orodha haina kazi. Mimi nasoma vingine. Karatasi inaweza kuwekwa vema zote 19 wakati mgonjwa ameshalala na daktari bado ananawa mikono. Nimeziona karatasi za namna hiyo, safi kabisa, zimejazwa kwa mwandiko wa mtu mmoja na kwa kalamu moja, tangu juu hadi chini.

Kinachonisumbua hasa ni usiku. Upasuaji wa dharura wa uzazi unahitaji muuguzi mmoja mezani na mwingine wa kuzunguka, yaani wa kuleta vifaa na kuhesabu pamoja naye. Mtoto akitoka hajalia, yule wa kuzunguka ndiye anayekimbilia kumsaidia kupumua, na ndivyo inavyopaswa. Sasa gozi zinahesabiwa na nani? Nataka jambo hilo lipimwe: ni mara ngapi hesabu inafanywa na mtu mmoja peke yake, na saa ngapi. Wauguzi wenzangu mnaotafuta mada ya utafiti wa shahada, msiishie kuchukua majalada mchana. Ombeni kibali, mkae na zamu ya usiku, mwandike mnachokiona.