Nimerudi Magomeni, na Kuroda naye alirudi

Hii wiki ya tatu tangu nishuke Dar toka Marekani na kila anayekuja kunisalimia akimaliza salamu anaingia kwenye swali lilelile, yaani wewe makaratasi unayo, kazi unayo, afya unayo, umerudi kufanya nini? Mama mdogo alinivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu niambie kweli, wamekufukuza? Nikamwambia hapana mama, nimerudi mwenyewe. Hakuamini kabisa.

Sasa ngoja niwaambie habari za Hiroki Kuroda, maana yeye ndo alinifungua macho.

Miaka yangu Bronx, New York, nilikuwa nalea wazee majumbani, na mzee wangu mmoja alikuwa hakosi mechi ya Yankees, timu ya besiboli ya palepale, hata moja. Mimi besiboli nilikuwa sielewi kitu. Ila kuanzia 2012 akaja huyu Mjapani, pitcha, yule anayerusha mpira kwa mpigaji, na pitcha anayeanza hapangwi kila siku, zamu yake inafika baada ya siku tano hivi maana mkono unachoka, basi siku ya Kuroda mzee alikuwa anaoga mapema anakaa kwenye kiti anasubiri. Alinipa mpira nishike. Una mishono myekundu imesimama kidogo, unaisikia kwenye ncha za vidole. Unaweka kidole cha shahada na cha kati juu ya ile mishono miwili inapokaribiana, mpira ukitoka mkononi unakwenda kama umenyooka, ukimkaribia mpigaji unakata pembeni na kuzama. Kuroda alikuwa anaulenga kama unampiga mtu wa mkono wa kushoto kiunoni, jamaa anaruka nyuma, mpira unarudi zake ndani, refa anaita straiki, yaani mpira ulikuwa halali na mpigaji kahesabiwa kosa!

Marekani alikaa miaka saba, minne Dodgers ya Los Angeles na mitatu Yankees. Alishinda mechi 79 na kupoteza 79, na ukiangalia tu hizo namba utamwonea, maana mara nyingi alirusha vizuri wenzake wakashindwa kumletea pointi. 2009 mpira ulimpiga kichwani, akarudi uwanjani mwaka uleule.

Mwisho wa 2014 ana karibu miaka 40, bado anatakiwa na timu, magazeti yakaandika kuna timu ya Marekani iko tayari kumpa dola milioni 18. Akakataa. Akarudi kwao Japani, Hiroshima Carp, timu iliyomlea toka 1997, kwa yen milioni 400, ni kama dola milioni tatu na kitu. Na Carp sio timu ya matajiri jamani, ilianzishwa 1949, miaka minne tu baada ya mji wa Hiroshima kupigwa bomu la atomiki, na 1951 pesa zilipoisha wananchi wenyewe waliweka mapipa nje ya uwanja wakachanga sarafu timu isife. 2006 Kuroda alipokuwa huru kuondoka, mashabiki walijaza uwanja namba yake 15, akabaki. Watu kama hao unawasahauje?

Kilichonigusa mimi ni kwamba alirudi mkono bado unafanya kazi. Hakusubiri uishe ndo awapelekee mabaki. Mechi yake ya kwanza Machi 2015 alirusha iningi saba, yaani vipindi saba kati ya tisa vya mechi, bila kufungwa, na Septemba 2016 kule Tokyo yeye ndo alianza siku Carp wanachukua ubingwa wa ligi yao, wa kwanza toka 1991. Alilia yule baba, amekumbatiana na Arai, mwenzake wa zamani aliyerudi Carp mwaka uleule mmoja na yeye. Msimu ulipoisha akastaafu, na namba 15 haivaliwi tena pale.

Mzee wangu alishafariki. Mpira wake ninao, nimekuja nao kwenye begi la mkononi. Jana jioni nimemwonyesha mtoto wa dada yangu, yuko fomu tuu, vidole vyake virefu vimekaa kwenye mishono vizuri tu, tukarushiana uani mpaka maghribi, mama mdogo anapiga kelele tusimvunjie ndoo. Nimesikia pale Azania sekondari kuna uwanja kabisa wa besiboli, Wajapani walisaidia kuujenga. Jumamosi nampeleka.