Baki 359

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni milimani Lushoto. Siku moja mwalimu wetu wa hesabu aliandika ubaoni 4,294,967,297, akapangusa chaki mikononi. "Atakayeniletea kigawo chake ana soda yake."

Namba ile ina kisa. Mfaransa Pierre de Fermat, karne ya 17, aliichukua 2 akaipa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila jibu akaliongeza 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Akaamini zinazofuata ni tasa vilevile. Ya ubaoni ndiyo ya sita: 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwalimu hakusema kama Fermat alipatia.

Nilipiga msuli siku tatu kwa chemli, taa za bweni zikishazimwa. Nilianza na 3, kisha 7, 11, 13, tasa moja baada ya nyingine. Nilipomaliza 997 vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikaandika chini, kwa mwandiko mzuri: "Ni tasa."

Asubuhi mwalimu alilipokea daftari mlangoni mwa ofisi ya walimu. Hakunisifu.

"Kigawo hutafutwa mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba, na hapa ni kama 65,536. Chini ya hapo kuna tasa 6,542. Wewe umejaribu 166."

Halafu akafungua moja kwa moja ukurasa wa 641, kana kwamba aliujua, akatoa kalamu nyekundu. 4294 kwa 641 ni mara 6, baki 448. Shusha 9, mara 7, baki 2. Shusha 6, haiingii. Shusha 7, haiingii. Shusha 2, inakuwa 2672, mara 4, toa 2564. Hapo nilikuwa nimekopa kumi, nikasahau kuipunguza ile saba. Badala ya 108 nikaandika 118, na mwisho wa yote, baki 359.

"Rudia."

Nikarudia nimesimama, daftari ukutani. 108. Shusha 9, mara 1, baki 448, ileile ya mwanzo. Shusha 7: 4487. Mara 7. Sifuri. Jibu 6,700,417.

"Mwanahisabati Euler aliiona mwaka 1732," akasema. Tena kuna njia ya mkato: kigawo chochote cha namba hii ukikitoa 1 hugawanyika kwa 64. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Tano! Na mimi nimeunguza mafuta ya taa ya watu.

"Uliipita saa ngapi hii 641?"

"Juzi, mwalimu. Kama saa tano usiku."

Alicheka mpaka akakohoa. Soda aliinunua kweli, Fanta ya vuguvugu, akainywa nusu mbele yangu, kisha akanisogezea chupa.

"Haya, chukua baki yako."