Ile asubuhi ya Njombe na oili yangu ya 20W-50

Mwaka 2017 mwezi wa 7 tulienda Njombe kwenye msiba upande wa mke wangu. Tulitoka Dar usiku usiku na Toyota IST yangu ya 2004, ile ya injini ya lita 1.5, Kitonga tukaipanda salama tena nikiwa nimewasha eisii kwa kujishaua, tukafika Makambako tukaacha barabara ya Mbeya tukakunja kushoto. Gari haikuwa na neno. Na kwenye buti nilikuwa na galoni zima la oili 20W-50 la kuongezea njiani, nikajiona bonge la dereva.

Hiyo 20W-50 ilikuwa mambo ya fundi wangu wa Dar. Aliniambia mji wetu una joto, ukiweka oili nyepesi inakuwa maji, injini inakufa. Nikamuuliza hizo namba maana yake nini, akajibu bila hata kumeza mate: 20 ni joto la chini, 50 ni joto la juu, oili inafanya kazi katikati hapo. Mi nikaona ina akili kabisa, maana Dar hata 40 haifiki, kwa hiyo nimebakiza nyuzi kama kumi za akiba. Miaka miwili nimeishi na hiyo elimu na nimeshaigawa kwa watu wengine, wanisamehe.

Sasa kesho yake saa 12 asubuhi nimetumwa mjini kufuata mkate na sukari za waombolezaji. Simu inasema nyuzi 6. Napiga stata, inazunguka kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, nyeee... nyeee... nyeee. Mara ya tatu ikawaka, ila ikawaka na kelele sijawahi kuisikia, krrrrrr upande wa mnyororo wa taimingi, na ile taa nyekundu ya presha ya oili, yenye alama ya birika, ikagoma kuzima. Sekunde kadhaa tu, lakini kama ni gari yako unaziona kama dakika. (Betri nayo ilishachoka, sitaki kuisingizia oili kila kitu.)

Baba mdogo wa mke wangu alikuwa anaota moto pale uani, mzee aliyeendesha malori enzi zake. Akanyanyuka na blanketi lake mabegani.

"Zima hiyo, mkwe. Umeweka oili gani humo?"

"Shikamoo baba. 20W-50."

"Marahaba. Nani kakushauri?"

Nikamtaja fundi, nikatoa na somo la joto la chini na la juu. Mzee hakucheka, na afadhali angecheka. Akaniuliza kitabu cha gari kiko wapi. Kipo kwenye droo ya dashibodi, nikamwambia, ila ni cha Kijapani, hakuna anayekisoma, huwa nawekea kikombe cha chai. Akasema lete hivyo hivyo. Akafunua taratibu mpaka kwenye ukurasa wenye kijichoro cha kipimajoto, na katikati ya yale maandishi ya Kijapani imekaa wazi kabisa, 5W-30. Miaka miwili mi naweka chai juu yake!

Mzee akanieleza palepale tumechuchumaa. Hiyo W ni baridi, ni winta ya wazungu, kwa hiyo namba inayoitangulia inakwambia oili inatembeaje injini ikiwa imelala baridi, ikiwa ndogo ndo inawahi kufika juu. Namba ya mwisho ni uzito wake injini ikishachemka, na wanaupima kwenye nyuzi 100, sio joto la hewa ya Dar wala ya wapi. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo naona ndo chenyewe: injini ikishapata moto thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto lake, inaishikilia karibu palepale, haijui sana kama iko Kariakoo au Njombe, tofauti kubwa ni ile dakika ya kwanza asubuhi. Na hizi injini za Toyota za VVT-i, presha ya oili hiyohiyo ndo inakaza mnyororo na kucheza na valvu, sasa oili ikichelewa kufika, mnyororo unapiga kelele ulizosikia.

Mkate nilifuata na bodaboda. Nilivyorudi mjini mchana duka la kwanza wana 20W-50 tupu, la pili vilevile, la tatu ndo nikapata 5W-30 na filta. Mzee akaomba galoni zote mbili zilale nje. Alfajiri akamimina kidogo kidogo kwenye vifuniko viwili vya chupa, akaviinamisha juu ya kipande cha bati. Ile nyepesi ikakimbia. Yangu ikajivuta kama asali ya kwenye mzinga, tukakaa tunaiangalia, hakuna aliyeongea.

Tukaichemsha injini kidogo, spana namba 14, tukamwaga ya zamani, tukabadilisha filta, ikaingia lita 3.7. Asubuhi iliyofuata nilitoka na kanga ya mke wangu kichwani nikapiga stata, krr fupi, birika likazima palepale.

Kurudi Dar fundi wangu alilalamika sana, kwamba nimeua injini. Nikamwambia gari yenye kilomita 140,000 ikianza kula oili ntapanda 5W-40, kwa sasa naangalia kijiti cha kupimia oili kila wiki. Hatukuelewana, nikahama gereji.

Lile galoni la 20W-50 mzee hakuniachia nirudi nalo. Alisema bawaba za geti lake zinaamsha watoto usiku. Mwaka uliofuata tumeenda tena, geti limefunguliwa hata hatukusikia, na galoni bado liko nusu.