Mafunzo ya ukerezaji wa vyuma

Mliodhani ningeanza moja kwa moja na mashine zinazoendeshwa na kompyuta, poleni. Tumeanza na jiriwa (kibanio cha kushikia chuma) na tupa (kifaa chenye meno cha kusugulia chuma): piga tupa mpaka kipande kiwe bapa, pima, piga tena. Mabega yangu ndiyo mashahidi. Ndipo tukasogezwa kwenye leti mashine, ile inayozungusha kipande huku kisu kikikikata, na amri ya kwanza haikuhusu kukata: vua glavu, vua pete, funga nywele. Kinachozunguka kikinasa glavu, huivuta pamoja na mkono.

Kilichoniteka zaidi ni vipimo. Mikromita (kifaa cha kupimia unene) ya kawaida husoma hadi milimita 0.01, na chuma chenyewe hakitulii! Kipande cha milimita 100 kikipanda joto kwa nyuzi 10 tu hurefuka takribani milimita 0.012. Kwa hiyo ukikipima kikiwa cha moto unajidanganya. Kikipoa utakikuta kidogo kuliko ulivyotaka. Mkufunzi wetu hukiacha kipoe huku akituhadithia mambo mengine kabisa (nashuku anatufunza subira kijanja).

Hesabu za kasi ya mzunguko nazo hazikwepeki: kipande chembamba huzungushwa haraka, kinene polepole. Wiki ijayo tunaanza kukata hesi za bolti, yaani ile mifereji yake ya kuzunguka.