Leseni ya biashara haitoshi kulaza mbwa kwenye ploti

Desemba ikikaribia, wenye mbwa wa Nairobi huanza kutafuta pa kuwaacha ili waende ushago. Soko lipo, na ndiyo maana watu hukodi nyumba yenye uwanja Karen, Ruiru au Kitengela, wakajenga mabanda manane, wakalipia leseni ya biashara ya kaunti, basi wakaona mambo yamekwisha. Leseni ile inakuruhusu wewe kufanya biashara. Kama ploti yenyewe inaruhusiwa kubeba biashara hiyo ni swali la ofisi nyingine, na mabanda mengi hufungwa kwa sababu ya swali hilo la pili.

Ukisoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, utakuta kaunti imepewa kazi ya kutoa leseni za mbwa na kusimamia mahali pa kuwalaza, kuwatunza na kuwazika wanyama. Orodha hiyohiyo inaipa kaunti udhibiti wa kelele na kero za umma, tena inaipa mipango ya ardhi. Hizo ni idara tatu ndani ya kaunti moja: mifugo, mazingira na mipango. Daktari wa mifugo wa kaunti anaweza kuyasifu mabanda yako Jumatatu, na Ijumaa kanjo, yaani askari wa kaunti, wakabandika ilani ya mipango langoni. Hakuna aliyekugeuka, kila mmoja alikagua kitu chake.

Sheria inayobana ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Humo, "uendelezaji" si ujenzi peke yake. Kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au jengo pia ni uendelezaji, hata usipoongeza jiwe hata moja. Nyumba ya kuishi ikianza kupokea mbwa wa watu kwa malipo, na magari ya wateja, wafanyakazi na bango langoni, matumizi yamebadilika. Kuanza bila kibali ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Faini hiyo watu huiogopa, ilhali linaloumiza zaidi ni agizo la kurudisha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku 90. Zege ya sakafu, mitaro, kuta za mabanda, vyote unavibomoa kwa gharama yako.

Kwa hiyo usilipe kodi ya awali kabla ya kusoma hati ya kumiliki ardhi. Fanya upekuzi rasmi wa ardhi na uombe nakala ya hati yenyewe, kisha fungua ukurasa wa masharti maalumu. Ardhi nyingi za kukodi kutoka serikalini kwenye mitaa ya zamani ya Nairobi zina sharti kwamba ploti itumike kwa nyumba moja ya kuishi tu. Mitaa yenye lango moja huongeza kanuni zake za kampuni ya usimamizi, na hizo hubana hata pale ambapo kaunti ingekubali. Ukiwa mpangaji, mwenye ploti ndiye anayebeba ombi, kwa hiyo mkataba wa kukodi useme wazi kwamba atatia sahihi ombi la kubadilisha matumizi, na kwamba ombi likikataliwa mkataba unavunjika na amana yako inarudi. Bila kifungu hicho utalipa kodi ya miezi sita ukingoja jibu la kaunti.

Ombi lenyewe huandaliwa na mpangaji miji aliyesajiliwa. Ataambatanisha ripoti ya upangaji, nakala ya hati, matokeo ya upekuzi, ramani ya mahali, na stakabadhi kwamba kodi ya ardhi na ada za kaunti hazina deni. Bango husimamishwa kwenye ploti na tangazo hutolewa gazetini, na umma hupewa siku 14 za kupinga. Hapo ndipo maombi mengi huangukia. Jirani anayekutana na neno "mbwa" kwenye bango kwa mara ya kwanza huandika pingamizi jioni hiyohiyo. Mtembelee wiki moja kabla, ukiwa na mchoro mkononi, umwonyeshe mabanda yako yatakaa umbali gani na dirisha lake la chumba cha kulala. Akikubali, mwombe barua fupi ya kutokuwa na pingamizi, uiambatanishe. Uliza mapema pia ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mradi wako umeangukia kundi gani la tathmini ya mazingira. Jibu likija baada ya mchoro kukamilika huenda ukalazimika kuchora upya.

Sheria inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Ushauri wangu: usijenge kwa kutegemea kimya hicho. Benki haikubali kimya kama dhamana, na afisa wa zamu langoni atataka karatasi. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya upangaji, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sasa tuje kwenye kelele, maana huko ndiko kesi huanzia. Kanuni za kelele za 2009 zimeweka viwango kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nje, katika eneo la makazi, ni 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara ni 55 mchana. Eneo la biashara ni 60. Usiku kote humo ni 35. Na "usiku" wa kanuni huanza saa 2 na dakika 1 jioni, ukaisha saa 12 kamili asubuhi. Soma tena namba ya usiku: hata ukihamia eneo la biashara, 35 ni ileile. Anayefungua saluni ya kuogesha na kunyoa mbwa, akafunga saa 12 jioni, hayumo katika shida hii. Anayelaza mbwa yumo kila usiku.

Tufanye hesabu. Mbwa mkubwa akibweka hufika desibeli 95 hivi ukiwa mita 1 kutoka kwake. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapojirudia mara mbili: 89 kwa mita 2, 83 kwa mita 4, 77 kwa 8, 71 kwa 16, 65 kwa 32. Ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi, ina urefu wa mita 30 tu. Ukiwa na nusu ekari, ukaweka mabanda mita 32 kutoka mpakani, bado jirani anapata 65, na hapo ni mbwa mmoja. Mbwa kumi wakibweka pamoja huongeza desibeli 10. Umefika 75, na usiku unatakiwa 35. Pengo ni 40. Kulifuta kwa umbali peke yake kungehitaji zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo anayekwambia "nunua ploti kubwa tu" hajapiga hesabu.

Ukuta ndio unaofanya kazi. Ukuta wa mawe ya Ndarugo au bloku wa inchi 6, uliopigwa plasta pande zote mbili, huzuia takriban desibeli 45. Pengo la 40 limezibika, ila kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hawalijui: tundu likiwa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, ukuta mzima hushuka hadi 20. Likiwa asilimia 10, unabaki na 10. Chukua ukuta wa mita 10 kwa 2.5, yaani mita za mraba 25. Safu moja ya matofali ya hewa juu, upana sentimita 20 kwenye urefu wote wa mita 10, ni mita za mraba 2. Hata nusu yake ikiwa uwazi, hiyo ni asilimia 4, na ukuta uliogharimu laki kadhaa unazuia desibeli 14 tu. Hewa lazima iingie, hilo halina mjadala. Mbwa hufa kwa joto. Iingie kupitia upande wa uwanja wako mwenyewe, katika mfereji uliokunjwa mara mbili na kupakwa ndani kitu laini kinachonyonya sauti, ukisaidiwa na feni. Upande wa jirani usiache tundu lolote, hata la waya.

Juu nako kuna kosa lake. Mabati bila dari hupitisha sauti kama ngoma, hivyo weka dari nzito na pamba ya kioo juu yake, halafu uzibe pale ukuta unapokutana na paa. Mlango uwe mzito, ukae vizuri kwenye fremu, uwe na mpira chini.

Mchana tatizo ni uwanja wa kuchezea. Ukuta wa mpaka wa mita 2.4 hupunguza desibeli 10 hivi, usiutarajie zaidi. Toa mbwa watatu wanne kwa zamu, dakika 30, wasimamiwe. Panga milango ya mabanda isitazamane na isione lango la barabarani, maana boda boda mmoja akipita huamsha banda zima. Mabanda yafunguliwe baada ya saa 1 asubuhi, chakula kikiwa tayari kwenye sahani kabla mlango haujafunguliwa. Mbwa anayesikia ndoo za chakula zikigongana hubweka kuliko anayeona mgeni.

Maji taka mpangaji miji atakuuliza, na uwe na namba, hasa ukiogesha mbwa pia. Bomba la mkono linalotoa lita 8 kwa dakika, likitumika dakika 8, ni lita 64 kwa mbwa mmoja. Mbwa 15 kwa siku ni karibu lita 1,000 juu ya maji ya kuosha sakafu. Tangi la septiki la nyumba ya familia halikupimiwa hivyo. Nywele ziwekewe chujio la wavu kwenye bomba la beseni na kishimo cha kutua kabla ya manholi. Dawa ya klorini, inayohitajika kuua virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuhara wa mbwa, huua pia bakteria wanaolifanya tangi lifanye kazi, basi tumia kipimo sahihi: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 na maji 19, acha dakika 10 kwenye sakafu iliyokwisha kusafishwa. Kwenye udongo klorini haisaidii. Ndiyo sababu zege ni lazima, na mteremko wake uelekee kwenye mtaro wa maji taka, mbali na mtaro wa mvua.

Kibali kikitoka, soma masharti yake kabla ya kusherehekea. Mara nyingi kutakuwa na idadi ya juu ya mbwa, na idadi hiyo ilitoka kwenye ripoti yako mwenyewe. Walioandika wastani wa mwaka, tuseme 10, hujikuta wakiwa na 28 wiki ya Krismasi, na jirani akihesabu anakuwa na ushahidi kamili. Andika idadi ya Desemba, pigia hesabu ya kuta, maji na maegesho idadi hiyohiyo, na ikiwa ploti haiwezi kuibeba, punguza mabanda kwenye mchoro sasa.