Gasketi ya Defender ya mjomba

Mshale wa temperecha ukishuka wenyewe wakati gari bado inapanda mlima usishangilie kwanza. Mjomba alishangilia, akapiga usukani kwa kiganja akasema umeona chuma hii, imejipoza yenyewe, na mimi kwa akili za kijana nikaamini maana yeye ndo mwenye gari.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2011, nimetoka kumaliza fom foo nasubiri matokeo sina hili wala lile, mjomba akanichukua niwe tandiboi wake kwenye Land Rover Defender 110 aliyoipata mnadani, ya mwaka 1997, ile yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 silinda nne. Tulipakia mbolea Morogoro tunaipeleka Mafinga, wateja wanaitaka kabla mvua haijakolea, na gari ilikuwa imekaa chini kwa nyuma, uzito sitaji maana mjomba yupo hai na mpaka leo anabisha kwamba mzigo haukuzidi.

Wanaoijua njia ile wanajua Ruaha Mbuyuni mwezi wa 11 ni joto gani, bonde lote lile la mibuyu hewa haitembei, ukishusha kioo unaingiza moto ukipandisha unajipika. Tukanunua vitunguu pale, tukanywa soda, tukaanza kupanda mlima Kitonga saa saba mchana nyuma ya msururu wa malori, gia ya kwanza, simama, gia ya kwanza, simama. Mshale ukaanza kupanda. Mjomba akauona, nikamwona ameuona, lakini Kitonga utaegesha wapi, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo na nyuma yako kuna semi ya Zambia inakupigia honi. Mshale ukafika karibu na nyekundu, halafu ghafla ukaanguka kabisa mpaka chini. Ndo hapo mjomba akashangilia.

Hatukufika mbali. Kilima kinakaribia kuisha gari ikapoteza nguvu, ikaanza kugonga ngo ngo ngo, boneti ikatoa mvuke kila upande. Mjomba akakimbilia dumu la maji, na kama sio utingo wa lori lililosimama mbele yetu kumshika mkono angemwaga lita 20 za maji ya baridi juu ya injini ileile dakika ileile. "Mzee acha ipoe, hiyo hedi ni alumini, utaipasua." Hedi ni kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu. Yule kijana simjui jina wala sijawahi kumwona tena lakini aliokoa hela nyingi sana.

Tukakaa mpaka unaweza kuweka mkono kwenye injini bila kuutoa. Tukajaza maji, mengi, yakaingia tu. Tukawasha ikawaka kwa shida, ekzosi inatoa moshi mweupe mzito, na kwenye kopo la akiba la maji ya rejeta mapovu yanapanda bila kukoma mpaka yanamwagika. Mjomba akachomoa dipstiki, oili imegeuka chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Akairudisha taratibu, akakaa kwenye jiwe, akaanza kupiga simu.

Lori la nyanya lilituvuta kwa mnyororo kutoka pale Kitonga mpaka Ipogolo pale chini ya mji wa Iringa, na hiyo safari peke yake ni stori, maana injini ikiwa imezimwa breki ya gari hizi haina vakyumu, mjomba alikuwa anaikanyaga kwa miguu miwili kila lori likipunguza mwendo, na mimi pembeni nasoma sala zote ninazozijua.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee, wote gereji wanamwita Babu, gereji yenyewe ni uwanja chini ya mikaratusi na kontena moja la spana. Mjomba akamwamkia, shikamoo mzee wangu, Babu akaitikia marahaba, kisha akamwambia kamwene, salamu ya Kihehe, mjomba hajui aitikie nini akacheka tu. Kuna rafiki yake wa Dar alishamwambia kwenye simu kwamba kazi ni ndogo, toa hedi, weka gasketi mpya (ule utando mwembamba unaoziba kati ya hedi na bloki ya injini), paka silikoni, kesho yake unaondoka. Akamweleza Babu hivyohivyo. Babu akamsikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Gasketi haijiunguzi yenyewe kijana wangu. Tusipomjua aliyeiunguza wiki ijayo tunakutana tena hapa."

Mjomba na miaka yake 50 na kitu kuitwa kijana wangu, nikageukia pembeni nisionekane ninavyocheka.

Basi kabla hajafungua bolti hata moja Babu akaanza kutafuta. Alimulika tochi juu ya nyumba ya themostati, ile valvu inayopitisha maji injini ikipata moto, akaniita, dogo njoo uone. Kuna plagi pale juu, ya plastiki, ndo unaifungua ukitaka kutoa hewa wakati wa kujaza maji. Ilikuwa na ufa, na kichwa chake kimeliwa, inaonekana kuna mtu siku za nyuma aliikaza kwa spana kubwa kwa nguvu zake zote. Maji yalikuwa yanatoka pale kidogokidogo yakigusa injini ya moto yanakuwa mvuke, kwa hiyo chini ya gari hukuti tone, ila ubavuni mwa injini kuna michirizi ya kutu. Na mfumo ukishavuja haushiki presha, na bila presha huku juu kwenye mita elfu moja na mia tano na zaidi maji hayasubiri digrii 100, kwenye 95 hivi yanachemka. Na ule mshale ulioanguka? Akacheka. Sensa inapima maji, maji yakiisha inabaki kwenye hewa tu, inapima nini sasa. Mjomba hakusema kitu.

Rejeta nayo ikatolewa, ilikuwa imejaa majani, vumbi na panzi wakavu.

Kufungua ndo nilipopenda ile kazi. Camshafti ya 300Tdi, ile shafti inayofungua valvu, iko chini kwenye bloki, hivyo mkanda wa taiming hauguswi, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini vitu vya juu ni vingi, hosi, noseli, manifodi zote mbili na tabo yake, kava ya tapeti, na kila kimoja Babu alikuwa na mahali pa kukiweka. Pushirodi nane, vile vijiti vya chuma vinavyosukuma valvu, alizichomeka kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu manane yenye namba, maana kila moja inarudi kwake. Juu ya kila valvu kuna kikofia kidogo cha chuma, kidogo kweli, na kikidondokea kwenye tundu la pushirodi kinaenda moja kwa moja kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, utashusha sampu kukitafuta. Aliziba matundu kwa matambara kwanza ndo akavitoa kwa sumaku kimoja kimoja, akavihesabu, akavifunga kwenye kipande cha gazeti akavitia mfukoni mwa shati.

Bolti za hedi zipo 18, akazilegeza kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo kwa mizunguko. Tukainyanyua watu wawili. Ukiangalia gasketi huhitaji kuwa fundi, kati ya silinda ya pili na ya tatu palikuwa peusi, ule mkanda mwembamba umekatika kabisa. Babu akaweka rula ya chuma juu ya hedi akapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake, katikati ikapita, hedi imepinda. Bloki ni chuma cha kusubu na hedi ni alumini, alumini ikipata moto inatanuka zaidi, ikizidi hairudi ilivyokuwa. Ikapelekwa mjini kwa watu wa mashine, wakaipima ufa kwa presha ya maji, haikuwa nao (namkumbuka tena yule utingo), wakausaga uso wake kidogo sana. Hukohuko Babu akaagiza wamchongee plagi ya shaba kwenye lezi badala ya ile ya plastiki.

Mjomba akaleta gasketi kutoka duka moja la spea mjini, kaipata bei nzuri amefurahi. Babu akaiangalia pembeni akamrudishia. Gasketi za injini hii zinakuja unene wa aina tatu, isiyo na tundu pembeni ni milimita 1.3, yenye tundu moja 1.4, yenye mawili 1.5, na huchagui kwa bei, unapima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloki. Akapima zote nne kwa ile saa ya kupimia, akachukua iliyochomoza zaidi, jibu likawa matundu mawili, kama ile ya zamani. Mjomba kaleta isiyo na tundu. Nyembamba ile pistoni inaweza kwenda kubusu hedi. Wakabishana weee, mjomba anasema tofauti yenyewe ni nywele, Babu anasema basi kaweke nywele mwenyewe mimi nakunywa chai. Duka halikuwa na nyingine. Ikabidi mjomba atume hela kwa M-Pesa kwa mtu wa Gerezani pale Kariakoo, Dar, gasketi ikapandishwa basi la alfajiri kituo cha Ubungo, alasiri tukaipokea kwa kondakta pale barabarani Ipogolo imefungwa kwenye kadibodi isikunjike.

Wakati tunaisubiri kazi yangu ilikuwa matundu ya bolti. Babu alitaka yawe makavu kabisa, akaazima kompresa kwa jirani wa pancha, nikapuliza, nikafuta, nikapuliza tena. Bolti ikikuta oili au maji chini inabana kimiminika hakina pa kwenda, tonki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, inakudanganya kwamba imekaza, au inapasua bloki kabisa. Niliona anazidisha. Sasa hivi mtu akinifungia hedi bila kukausha matundu namnyang'anya spana.

Kukaza kulifanyika asubuhi, alikataa kukaza jioni eti macho yamechoka. Tonki renchi kwenye nyutoni mita 40, kuanzia katikati kwenda nje kwa mpangilio, zote 18. Baada ya hapo tonki inawekwa pembeni, sasa ni pembe, kila bolti digrii 60, halafu tena 60, halafu zile kumi ndefu zinaongezewa 20. Kifaa cha kupimia pembe hana, akamwita mjukuu wake alete protrekta kwenye mkebe wa shule, akachora pembe kwenye kadibodi, akaweka alama ya chaki kwenye kila kichwa cha bolti, na mimi kazi yangu ni kuita namba na kuangalia chaki imefika. Katika ile raundi ya pili ya 60 bolti zinalia, krrr, unahisi kabisa hii inakatika, Babu anavuta bomba la spana uso umekunjamana anasema ita namba dogo usiangalie mimi.

Nafasi za valvu zikasetiwa milimita 0.20, oili mbovu ikamwagwa, ikawekwa ya bei rahisi ya kusuuza, gari ikaungurumishwa kidogo, ikamwagwa tena ndo ikaingia yenyewe. Maji tukayajaza kwa subira plagi ya shaba ikiwa wazi mpaka hewa yote itoke. Ilipowaka Babu hakuangalia geji, alishika hosi ya juu ya rejeta kwa mkono, inapaswa kuwa laini mwanzoni na kuanza kugangamaa taratibu joto likipanda. Ikigangamaa papo hapo injini ikiwa bado ya baridi ujue moto wa silinda unaingia kwenye maji. Ilikuwa laini. Kopo la maji kimya, hamna povu.

Bei aliyotaja Babu mjomba alitaka kuibishia akaishia kufungua mdomo tu, akalipa yote na akaongeza mfuko wa mbolea juu. Njia nzima kwenda Mafinga alisimama kila kijiji, anafungua boneti anaminya hosi, anafunga, tunaondoka. Tulifika usiku tukakuta baadhi ya wateja wameshanunua kwa mtu mwingine, wakabishana wee, mwisho mbolea iliyobaki akaikopesha mpaka mavuno. Hela ya gasketi nasikia ilirudi mwezi wa saba, nusu yake kwa mahindi.